Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Walioumia Kazini, Changamwe, Mombasa

Assalamu alaykum, na Bwana asifiwe kwa ndugu zetu Wakristo. Nawashukuru mliofika. Nimehesabu watu 31. Katibu anasema 33, lakini amewatia na wapishi. Chama kina wanachama 142.

Ya kawaida mnayajua. Tulizika wenzetu watatu, tulizuru wagonjwa, tulikwenda ofisi ya leba mara sita. Ada iliingia shilingi 86,400, michango 32,000, jumla 118,400. Tulitumia 131,250. Pengo la 12,850 nililiziba mimi kutoka mfukoni mwangu. Sitaki kusifiwa, ila naomba liandikwe kwenye kumbukumbu.

Sasa lile jambo la shilingi 62,000. Nimeyasikia yote mnayosema kwenye baraza za kahawa: kwamba mwenyekiti amekula pilau yetu ya mwisho wa mwaka, na kwamba anawaita watu wazima vichaa. Pesa ile ilipeleka wanachama tisa kwa daktari wa akili, kila mmoja 5,000, na 17,000 ikawa ya tuktuk na matatu. Niliitisha kikao cha kamati kwanza. Kati ya wajumbe tisa tulifika watatu, na mmoja aliondoka mapema kuwahi feri. Mlitaka nimngoje nani?

Sababu ni hii. Mwenzetu mmoja, kuli wa miaka mingi, aliangukiwa na magunia. Alipopimwa, mgongo uliandikwa, asilimia ya ulemavu ikawa ndogo, basi. Hakuna aliyeandika kwamba halali usiku, kwamba akisikia honi ya lori huchutama, kwamba mkewe ndiye humhesabia dawa. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 ina jedwali la asilimia: kidole hiki kiasi hiki, jicho kiasi hiki. Jeraha lisilotajwa humo, mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndiye hukadiria asilimia yake, na atakadiria vipi kitu ambacho hakimo kwenye faili? Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuweka pingamizi. Tulipoanza kuhangaika, mwenzetu huyo alikuwa amebakiwa na siku 19.

Na kwa wanaotafuta kadi ya ulemavu, Katiba yenyewe, kifungu cha 260, inataja ulemavu wa mwili, wa hisi, wa akili na wa kisaikolojia pamoja, na inauliza kama hali hiyo inamzuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Haiulizi mguu peke yake. Mguu na akili hukaa kwa mtu mmoja, naye huamka navyo vyote viwili.

Lakini na sisi tuna makosa. Siku ya kupimwa mtu ananyoa ndevu, anavaa kanzu iliyopigwa pasi, anashikwa mkono na mwanawe mpaka mlangoni. Daktari anamuuliza, "Hujambo mzee?" Naye, kwa adabu za kwetu, "Sijambo, alhamdulillahi." Daktari anaandika mgonjwa anaendelea vizuri. Nimewaambia mara ngapi: semeni mnasimama dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza, nani anawafunga viatu, mara ngapi kwa wiki hamtoki chumbani. Nendeni na yule mnayelala naye nyumba moja, yeye haoni haya kusema.

Katika wale tisa, wanne asilimia zao zimepandishwa, wawili wamekataliwa, watatu wangali wanangoja. Wanne kati ya tisa si haba, na hilo halikutokea lenyewe.

Kuna mmoja aliyenilaumu kwa haki kidogo. Baada ya karatasi yake kuandikwa ugonjwa wa akili, posa ya bintiye ilirudi nyuma, na watu wa mtaani walijua kabla yeye hajafika nyumbani. Siri hiyo haikutoka kwangu. Hata hivyo nilipaswa kumwonya kwamba karatasi ile itapita mikono mingi, na sikumwonya. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya pili alinipa kahawa.

Kuhusu ada: ni shilingi 200 kwa mwezi, bei ya soda chache. Waliolipa mwaka mzima ni 36. Wengine 106 huwaona siku fomu zinapojazwa, na siku ya pilau wangekuja wote, ndiyo maana wengi wana uchungu nayo. Kuanzia sasa sitaandika barua ya kumsindikiza mtu anayedaiwa zaidi ya miezi sita, isipokuwa aliyelazwa. Anayetaka kunipinga aje kikaoni, asinipigie mafumbo kwenye kikundi cha WhatsApp.

Mwaka ujao, inshallah, tutatafuta daktari atakayetupunguzia bei, na tunatumaini kupata chumba cha kudumu cha mikutano. Mazungumzo yapo.

Mwisho, turubai la chama lilichukuliwa kwa arusi mwezi wa Agosti na halijarudi. Aliyenalo anajijua.