Notisi ya kuhama isiishie mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wenye nyumba na wapangaji wetu tunalifanyia mzaha mpaka siku vyombo vinapotolewa nje, nalo ni notisi ya kumaliza upangaji. Ninaandika nikiwa na nyumba ya vyumba sita vya kupangisha huku Tabata, jijini Dar es Salaam, baada ya kuwa mpangaji kwa miaka mingi kabla sijajenga.

Mwaka jana mpangaji wangu mmoja aliondoka usiku, akaacha ufunguo kwa jirani na deni la maji ukutani. Nilipompigia simu kumlaumu, alinijibu kwa upole kwamba notisi alikwishanipa, kwa kuwa siku moja tulipokutana dukani aliniambia huenda mwezi unaofuata angehama. Ni kweli alisema, ila mimi niliyachukua kuwa ni maongezi ya dukani. Nikiwa bado na hasira nikakumbuka kwamba nami, miaka miwili kabla ya hapo, nilimsimamisha mama mmoja mlangoni pake nikamwambia chumba nakihitaji kwa ajili ya mwanangu, hivyo kodi yake ikiisha asilipe tena. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alihama bila kelele, na mimi nikajiona muungwana kwa sababu tu sikung'oa mlango wala mabati.

Wengi hudhani kwamba tangu sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, hakuna tena sheria inayotugusa. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 79, inaeleza kuwa pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa na notisi haikuzungumzwa, upangaji huo huhesabiwa kwa vipindi vya kulipia kodi, na yeyote kati ya wawili hao anayetaka kuumaliza hutakiwa kutoa notisi isiyopungua kipindi kimoja, itakayokoma siku ambayo kodi ingelipwa. Hata mkataba wenye muda maalumu ukiisha na mpangaji akaendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba, basi, kama hawakukubaliana vingine, anahesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi kwa masharti yaleyale ya awali. Mama yule wa chumba changu alikuwa hivyo hasa, na wiki zangu tatu hazikutosha.

Ugumu unakuja kwa sababu hapa mjini kodi tunaitaja kwa mwezi lakini tunaipokea kwa miezi sita, na wengine kwa mwaka mzima. Sasa kipindi ni kipi? Mwenye nyumba anapopokea fedha hupenda hesabu ya miezi sita, lakini anapokitaka chumba chake hukumbuka ghafla hesabu ya mwezi. Mpangaji naye anayepata uhamisho wa kazi katikati hudai arudishiwe kodi ya miezi iliyobaki, wakati fedha hiyo ilikwishageuka saruji siku nyingi. Fomu za mkataba tunazonunua stationeri zina nafasi ya kujaza muda wa notisi, ila sijaona watu wengi wakiijaza. Macho yote huwa kwenye kiasi cha kodi, na dalali anaharakisha apate chake. Kwa maoni yangu, anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo hana haki ya kumtoa mtu kwa notisi ya mwezi mmoja bila kumrudishia siku ambazo hajazikaa, na jambo hilo liandikwe kabla fedha haijahesabiwa.

Notisi yenyewe haihitaji wakili. Inatosha karatasi moja yenye tarehe ya kuandikwa, jina la anayetoa na anayepewa, chumba kinachohusika, siku ya mwisho ya kukaa, na hali ya kodi, maji na umeme hadi siku hiyo. Ziwe nakala mbili, na anayepokea atie saini kwenye ile inayobaki kwa mtoaji. Ujumbe wa simu una msaada wake, lakini simu huibwa, na kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni taabu kueleza maneno yaliyosemwa dukani.

Ombi langu ni kwa Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi: itengeneze fomu fupi ya notisi kwa Kiswahili chepesi, ipatikane bure katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, ambako tayari tunakwenda kugongewa mihuri ya mikataba. Mimi nimekwishachapisha ya kwangu, na wapangaji wangu watano waliobaki kila mmoja ana nakala.

Mwenye nyumba,
Tabata, Dar es Salaam