Barua kwa shangazi: ombi lililoandikwa kwa fidla

Shikamoo shangazi,

Jumapili ile baada ya ibada ulinikuta nasikiliza simfoni, ule utungo mrefu wa okestra, ukasema muziki usio na maneno hausemi kitu. Mbele yako nilinyamaza. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusoma nota, kwa hiyo siwezi kuliacha lipite.

Yupo mtu ambaye ungempenda. Joseph Haydn, mtunzi wa muziki, alizaliwa mwaka 1732 kijijini Rohrau, Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu aliyepiga kinubi bila kujua nota hata moja. Mtoto alichukuliwa akaimbe kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna. Sauti ilipokuwa nzito akaondolewa, akawa anahangaikia mkate. Mwaka 1761 aliajiriwa na ukoo wa Esterházy, makabaila wakubwa wa Hungaria. Alivaa sare kama watumishi wengine, na kila siku ilimpasa afike kuuliza bwana anataka muziki gani.

Sasa sikiliza kisa cha mwaka 1772. Mkuu wa ukoo huo, Nikolaus, alilipenda mno jumba lake la Eszterháza, mbali na mji, akakawia kuondoka msimu ulipokwisha. Wanamuziki, karibu wote, walikuwa wameacha wake na watoto nyumbani. Wakamlilia Haydn. Naye mtumishi angemwambiaje bwana wake kwamba watu wamechoka? Akatunga Simfoni namba 45, kwa F shapu maina, ufunguo ambao okestra za wakati huo hazikuuzoea. Honi, yaani baragumu za shaba, zilitengenezewa vipande vya ziada ili ziweze kuufuata. Sehemu ya mwisho inaanza kwa kasi, halafu ghafla inakatika na kuwa ya polepole. Mpiga obo, aina ya zumari, anamaliza zamu yake, anazima mshumaa, anaondoka. Honi inafuata. Mmoja baada ya mwingine, mpaka zinabaki fidla mbili tu, zikinong'ona. Inasimuliwa kwamba kesho yake bwana aliagiza mizigo ifungwe.

Shangazi, hapo hapakuimbwa neno hata moja, na ombi lilieleweka.

Na wewe uliyefundisha sauti nne maisha yako yote, kwarteti ungeielewa kuliko mimi. Ni fidla mbili, viola ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla, na chelo yenye sauti nzito. Zamani fidla ya kwanza iliimba na wengine wakashikilia tu chini yake, kama kwaya ambayo soprano peke yao ndio wanaojua wimbo. Haydn aliendelea kuirekebisha hadi viola na chelo nazo zikapata la kusema, zikawa zinapokezana kipande kidogo cha sauti, huku kila moja ikikigeuza kidogo. Kwarteti zake za mwaka 1781 zilimgusa sana mtunzi mwenzake Mozart, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 24. Mozart alitunga sita za kwake, akamtolea Haydn mwaka 1785 na kuandika kwamba ni tunda la kazi ndefu na ngumu. Haydn alipozisikia alimwambia baba yake Mozart kuwa mwanawe ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote anaowajua. Mkubwa kumsifu mdogo namna hiyo, bila kinyongo!

Nikija Desemba nitabeba spika. Tuzime taa sebuleni, nikupigie ile namba 45 kuanzia mwanzo. Zikibaki fidla mbili, nishike mkono tu, usiseme kitu kwanza.

Mwanao.