Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Malezi ya Mbwa Wazee

Ndugu wanachama,

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Mimi naomba nitumie sehemu kubwa ya muda wangu kwa jambo lililotugawa mwaka huu: je, chama kidogo kama chetu hapa Morogoro kina sababu ya kutumia fedha na nguvu kumtibu mbwa mzee? Msimamo wangu mnaujua. Leo nawaeleza ulikotoka.

Mbwa mzee tuliyebishania, Bobi, tulimchukua Kihonda wakati wa masika. Waliokuwa wakiishi naye walihama, wakamwacha amefungwa kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Tulikwenda na mwenyekiti wa mtaa pamoja na afisa mifugo, kwa sababu mbwa hata akitelekezwa ana mwenyewe, na hatukutaka kesho tuambiwe tumeiba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilitupa pa kusimamia. Mnyororo ulikuwa umezama shingoni, manyoya yametoka, nyama iko wazi na inzi wamejaa. Masikioni na katikati ya vidole, kupe walikuwa wamejazana kama punje za mbaazi kwenye ganda. Alikuwa akitokwa damu puani. Tulipomsogelea, alitikisa mkia.

Daktari alimfunua mdomo akatuonyesha fizi zilizopauka na meno yaliyofunikwa ukoga, mengine yakicheza. Vipimo vya damu vilionyesha erlikia, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia, na huyu alikuwa nao kwa muda mrefu. Ugonjwa huu hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na ndiyo maana ya ile damu ya puani. Ndiyo maana pia daktari alikataa kumng'oa meno siku hiyo, ingawa yalimuuma waziwazi: angeweza kuvuja damu isikatike. Ilibidi kwanza atumie doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 28, damu ipimwe tena, kisha meno yafuate. Mkojo nao ulionyesha figo zimeanza kuchoka, hivyo dawa nyingi za maumivu ya viungo zikawa hazimfai.

Hapo ndipo baadhi yetu waliposema apumzishwe, yaani daktari amuue kwa sindano asiteseke. Sikuwalaumu, na hata leo siwalaumu. Lakini daktari alisema ana nafasi, na mbwa mwenyewe alikuwa akila.

Aliyempokea kwa malezi ya muda ni mama mmoja mwanachama wetu wa Kilakala. Nataka mkutano huu ujue alichokifanya, maana wengi tunadhani kulea ni kumpa mbwa kona ya kulala. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu halishwi mpaka ashibe siku ya kwanza. Mwili unaweza kumgeuka akafa na chakula tumboni. Kwa hiyo alimpa uji mzito wa dona na dagaa waliosagwa, bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, hata usiku. Kidonge alikificha ndani ya kipande cha ini, kisha maji juu yake, kwa sababu doksisaiklini ikikwama kooni huunguza. Alisafisha kidonda cha shingo asubuhi na jioni. Mwanawe alipita na tochi kwenye nyufa za ukuta na za banda akipaka dawa, maana kupe wa kahawia hutaga na kujificha humo. Ukimtibu mbwa ukaliacha banda, umefanya nusu ya kazi.

Jirani yake ni Mwislamu anayeswali swala tano na hamgusi mbwa. Hata hivyo, mama huyu alipokwenda kazini, jirani ndiye aliyehakikisha chombo cha maji cha Bobi hakikauki. Alituambia anaijua habari ya mtu aliyeteremka kisimani akampa maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Nawashukuru wote wawili mbele yenu.

Naomba nisisitize jambo moja, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi mno. Mbwa akichechemea usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala panadoli ya nyumbani. Dawa hizi humtoboa tumbo, humharibu figo au ini, na mbwa mzee hana akiba ya kuzistahimili. Bobi tumemtandikia godoro kuukuu asilale kwenye saruji, na hutembezwa mwendo mfupi asubuhi kabla ya jua kali. Kwa viungo vyake, hayo yamesaidia kuliko nilivyotarajia.

Damu ilipokaa sawa meno mabovu yaling'olewa, na akiwa na nguvu alichanjwa kichaa cha mbwa. Juu ya chanjo nitasema kwa kifupi tu: karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa hutokana na kuumwa na mbwa, na mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mnyororo wa ugonjwa hukatika. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, isitukute tumekaa.

Figo za Bobi hazitapona. Atakula chakula maalumu na kupimwa maisha yake yote, na sidhani kama atapata mtu wa kumchukua moja kwa moja. Kwa hiyo kamati inaleta kwenu mapendekezo mawili. La kwanza, abaki Kilakala kama mbwa wa chama, matibabu tulipe sisi. La pili, tutenge fungu la mbwa wazee lenye daftari lake, lisichanganywe na fedha za chanjo wala za kuhasi, ili anayechangia mbwa wadogo asihisi amenyang'anywa.

Tunahitaji pia nyumba nyingine za malezi, hasa upande wa Bigwa na Mazimbu. Hatudai uwanja mkubwa. Tunadai uzio, kivuli, na mtu anayerudi nyumbani kila siku. Dawa na chakula vitatoka kwetu. Walio tayari wampe katibu majina yao kabla hatujapiga kura.