Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwenye chumba cha bronkoskopi nani anamwangalia mgonjwa?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni nesi wa chumba cha bronkoskopi, kule tunakopitisha kamera nyembamba puani au mdomoni mpaka ndani ya mapafu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za ofisini nishaandika mbili, sijui zimelala kwenye droo ya nani.

Ishu yangu ni moja. Mgonjwa akishachomwa dawa ya kumlegeza, nani anamwangalia? Ukiuliza utajibiwa nesi yupo. Ndo mimi huyo. Sasa nesi huyohuyo anampa daktari koleo la kukatia kipande kidogo cha nyama ya kupima, anapokea sampuli anatumbukiza kwenye fomalini anaandika lebo, anavuta dawa, anajaza fomu, alafu eti na pumzi za mgonjwa azifuatilie. Siku moja nimeinama naandika lebo monita ikaanza kulia, kugeuka oksijeni ya damu imeshuka mpaka asilimia 78 na midomo imeshabadilika rangi. Kamera ikatolewa, tukainua kidevu, tukampa hewa kwa begi na maski, akarudi. Yeye alipoamka hakukumbuka chochote, mimi usiku ule sikulala.

Na hii siyo kama kamera ya tumbo inayopita njia ya chakula. Hapa tunabana njia ileile anayopumulia, juu yake tunampa midazolamu ya kusinzisha na fentanili ya maumivu, kila moja inapunguza kupumua na zikikutana nguvu inazidi. Midazolamu inachukua dakika kadhaa kufika kileleni, daktari ana haraka, anaona mgonjwa bado anakohoa anasema ongeza, unaongeza, baadae kidogo zote zinapanda kwa pamoja. Akiwa mzee wa miaka 75 ndo anazama kabisa, wakati nusu ya dozi au chini ya hapo ingemtosha. Tunamtaka mtu aliyetulia ambaye ukimwita anaitika, siyo aliyelala fofofo.

Ganzi nayo watu wanaichukulia poa sana. Lidokeini ya jeli puani, ya kupuliza kooni, ya kumwagia kupitia kamera, yote ni dawa moja inaingia kwenye damu moja, ila kila mtu anahesabu ile aliyoweka yeye. Ikizidi ni degedege au mapigo ya moyo kuvurugika. Na aliyelegezwa hawezi kukwambia kwamba anasikia masikio yanavuma.

Ninachoomba ni waraka mfupi tu, hata ukurasa mmoja. Useme dawa ya kulegeza isichomwe kama hakuna mtu aliyefundishwa ambaye kazi yake pekee ni huyo mgonjwa, asishike koleo wala kalamu ya lebo. Na mtuletee kapnografia, mashine inayopima hewa anayotoa mgonjwa kila pumzi, maana kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachelewa, mgonjwa akiwa kwenye oksijeni anaweza kuacha kupumua kwa muda na bado kidole kinasoma 98. Flumazenili ya kuzima midazolamu na naloksoni ya kuzima fentanili zikae mezani siyo stoo iliyofungwa na mwenye funguo yuko lanchi (imetokea, sitanii). Halafu mgonjwa aliyepewa flumazenili asiruhusiwe haraka kwenda nyumbani kwa vile amefumbua macho, hiyo dawa inaisha mapema kuliko midazolamu, anaweza kusinzia tena njiani.

Najua jibu litakuwa hatuna watu. Sawa Mheshimiwa, lakini bronkoskopi inawezekana kwa ganzi peke yake, wapo wagonjwa wengi tu wanaovumilia ukiwaeleza vizuri kabla na mtu akawashika mkono. Siku hakuna mtu wa pili tufanye hivyo, na asiyeweza kuvumilia na si dharura apangiwe siku nyingine. Ila sasa hivi nikisema hivyo naonekana mvivu, kwa hiyo naomba lisemwe na wewe, kwa maandishi, lenye muhuri.