Barua ya wazi kwa Mbunge wetu hapa London: aliye jela ni mwanangu, si mume wangu

Mheshimiwa,

Salamu na heshima. Jibu lako nimelikuta Jumanne asubuhi, ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, hata viatu sijavua. Karatasi nzuri, nembo inang'aa. Ila unanitakia kheri katika rufaa ya "mume wako". Mume wangu tulimzika Mombasa, Mheshimiwa, wala hakuwahi kushtakiwa na mtu. Aliye jela ni mwanangu.

Ulikuja mlangoni kwangu kabla ya uchaguzi, ukanywa chai ya tangawizi, ukaandika jina lake kwenye daftari dogo. Labda daftari limepotea. Labda kura zilitosha.

Basi narudia. Alikuwa na miaka 19. Kwenye ugomvi ambamo mtu aliuawa kwa kisu, mwanangu alikuwepo. Kisu hakukishika, na hata mwendesha mashtaka hakudai alikishika. Lakini alipohukumiwa mwaka 2012, kisheria ilitosha kwamba aliona mwenzake anaweza kuua. Na kwa kosa la mauaji jaji wa huku hana hiari: kifungo cha maisha. Mwanangu akapangiwa miaka 18 ndipo afikiriwe kuachiwa. Wakili akasema hakuna hoja, na siku 28 za kuomba rufaa zikaisha nikihangaika kutafuta hela ya wakili mwingine.

Tarehe 18 Februari 2016, katika kesi ya Jogee, mtu mwingine aliyehukumiwa kwa mauaji ingawa kisu alikishika mwenzake, Mahakama ya Juu ya huku ikakiri kwamba sheria ilipotea njia tangu 1984: kuona jambo laweza kutokea si sawa na kulikusudia. Nililia ndani ya basi, watu wakanitazama. Kumbe furaha ya bure. Aliyehukumiwa zamani, muda ukampita, haimtoshi kuonyesha kuwa sheria ilikosewa. Lazima Mahakama ya Rufaa iridhike kwamba amepata dhuluma kubwa. Dhuluma ndogo sijui hupimwa kwa kibaba gani.

Aliyeuawa naye ana mama. Namwombea kila siku.

Sikuombi umfungulie mwanangu mlango wa jela. Uliahidi kumwandikia Waziri wa Sheria kuhusu kizingiti hicho cha dhuluma kubwa. Mwandikie. Barua moja tu, Mheshimiwa. Ijumaa nitakuja ofisini kwako na bahasha, stempu, na jina la mwanangu kwa herufi kubwa.

Mama yake