Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi: samaki anayeelea hajarudishwa baharini

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni baharia kwenye boti za kukodi hapa Dar, zile za watu wanaoenda kuvua kwa kujifurahisha wikiendi, tunatokea upande wa Msasani tunapita nje ya Bongoyo na Mbudya tunaelekea kwenye kina, na mwaka huu natimiza miaka 11 kwenye hii kazi. Nimezaliwa Kigamboni, baba yangu kavua kwa mshipi wa mkono maisha yake yote, sisi watoto wake sita tumesomeshwa na changu na kolekole, kwa hiyo naomba unaposoma hapa usidhani anayeandika ni mtu anayemjua samaki akiwa kwenye sahani tu.

Nianze na kilichonifanya niandike maana bila hicho nisingeshika simu. Mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imetulia, tulikuwa na wateja wanne kwenye mwamba mmoja wenye kina cha kama mita 40. Mmoja akapata chewa, mzuri kweli, kilo nane hivi kwa macho yangu. Wakafurahi, wakasema wao hawaui samaki, wao huwa wanarudisha. Sawa. Basi akapigwa picha, huyu akamshika, yule naye akataka, simu ya kwanza ikajaa ikaletwa ya pili, samaki muda wote yuko juani kaning'inizwa kwa taya, mikono iliyomshika mikavu, mwingine na glavu. Afu wakamtupa majini wakageukia mishipi yao.

Mi nilikuwa nyuma kwenye mashine nikamwona. Hakuzama. Alikaa juu ya maji tumbo likitazama mbingu, macho yamemtoka kama gololi, mdomoni kuna kitu kama puto la rangi ya waridi, na mkia bado unapiga piga anajaribu kuingia chini, anashindwa, anajaribu tena. Membe wawili, wale ndege wa baharini, wakaanza kumzunguka. Ikapita ngalawa ina mzee na kijana mdogo, mzee akaangalia yule samaki akaniangalia mi, akauliza, mnamtupa? Nikakosa la kumjibu. Akamchota akamweka ndani ya ngalawa akasema, mwanangu huku ni kukufuru riziki, si bora mngenipa mkononi. Akaondoka. Mpaka leo nikipita pale namkumbuka yule mzee.

Sasa Mheshimiwa, wale wateja hawakuwa watu wabaya na hawakuvunja sheria yoyote. Waliamini kabisa wametenda jema. Na hapo ndo ilipo shida yenyewe, kwamba hawa wavuvi wa burudani wanalipia leseni, wanakuja na rodi na rili za bei kubwa kuliko ngalawa nzima, lakini hakuna mtu aliyewaambia, wala aliyetuambia sisi tunaowabeba, kwamba samaki anarudishwaje akaishi. Ninachokuomba kwa barua hii ni kimoja, anayevua kwa burudani achague, amle samaki wake au amrudishe mzima, na Wizara imfundishe na imtake awe na vifaa vya kumrudisha mzima. Hii ya katikati, ya kumtupa akafie juu ya maji, iishe.

Naomba nieleze kinachomkuta yule chewa maana nikiwaeleza wateja huwa wanashtuka. Samaki wa mwamba kama chewa na changu ndani ya mwili ana kibofu cha hewa, ndicho kinamsaidia kukaa kwenye kina chake bila kupanda wala kuzama. Kila mita 10 unazoshuka baharini presha inaongezeka kiasi sawa na presha yote ya hewa tunayoishi nayo huku juu, yaani kwenye mita 40 yule samaki yuko kwenye presha mara tano ya ile ya huku juu. Ukimvuta haraka ile hewa inatanuka ndani yake kufikia mara tano, haina pa kutokea, inasukuma kila kitu, macho yanatoka, tumbo linasukumwa mpaka mdomoni. Lile puto la waridi watu wengi wanadhani ndo kibofu chenyewe, wanachukua kisu wanalitoboa wakiamini wanamsaidia apunguze hewa. Lile ni tumbo lake la chakula! Nimewahi kulitoboa mwenyewe miaka ya mwanzo, mabaharia wenzangu wakubwa ndivyo walivyonifundisha, na nao walifundishwa hivyo hivyo, inaniuma nikikumbuka ni samaki wangapi.

Dawa yake ni ya bei rahisi mno. Ni kumrudisha chini alikotoka, kwa haraka, kwa sababu akifika kwenye kina ile presha inamkandamiza hewa inarudi saizi yake na anaondoka kwa nguvu zake. Mi natumia ndoana kubwa niliyoisaga kile kijino kinachozuia isichomoke, nimeifunga kichwa chini miguu juu kwenye chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, la kilo mbili, naipitisha taratibu kwenye taya la chini, samaki anashuka na chubwi, tukifika chini nauvuta mshipi mara moja ndoana inachomoka yeye anabaki. Ni dakika moja au mbili tu. Mara ya kwanza nilijaribu kwa changu mwekundu ambaye alishavimba, nikashusha pima baada ya pima, nilipoushtua mshipi nikasikia chubwi limekuwa jepesi mkononi, nikasubiri pale kwenye ukingo wa boti nikiangalia maji kama atarudi juu. Hakurudi. Nilifurahi kuliko mteja.

Na hii siyo ndoto za baharia. Marekani kwenye Ghuba ya Meksiko, kuanzia Januari 2022 sheria yao ilimtaka kila mwenye boti anayevua samaki wa mwamba, wa biashara na wa burudani, awe na kifaa cha kushushia samaki au sindano maalum ya kutolea hewa, tena kiwe tayari kimeshafungwa kabla hajatupa mshipi. Sindano mi siipendekezi kwetu, inataka mtu anayejua pa kuchoma, lakini chubwi na ndoana vipo kila kona ya soko la samaki la Feri.

Halafu kuna hizi ndoana zenyewe. Tulizozizoea ni zile za kawaida zenye umbo la herufi J, ukitumia chambo halisi, dagaa au ngisi, samaki anaimeza inakwenda kukamata kooni au kwenye mashavu anayopumulia, damu inatoka, hapo hata ukimwachia ndani ya sekunde kumi umeachia maiti. Kuna ndoana za duara, ncha yake imekunjwa inaangalia ndani kuelekea kwenye mguu wake, samaki akiimeza mshipi ukikaza ile ndoana inateleza inatoka kooni inakuja kugeuka na kukamata pembeni mwa mdomo. Ila ina masharti, usiushtue mshipi kwa nguvu kama tulivyozoea, unauacha ukaze wenyewe ndo unazungusha rili. Wateja wengi inawashinda siku ya kwanza wanakosa samaki wananuna, baada ya hapo wanaizoea. Nimezunguka Kariakoo siku mbili kuzitafuta, duka moja tu lilikuwa nazo na saizi moja tu, muuzaji mwenyewe akaniambia hazitoki kwa sababu watu wanaziona kama zimekosewa kukunjwa.

Na akiwa kameza mpaka ndani usichokonoe. Kata mshipi karibu na mdomo mwachie, ndoana ya chuma cha kawaida inapata kutu na muda ukipita inaachia, ila zile za chuma kisichopata kutu hazina huruma hiyo kwa hiyo zisitumike kabisa kwa samaki wa kurudishwa. Plaizi ndefu iwepo boti, mikono iloweshwe kwanza maana ule utelezi wa samaki ndo ngozi yake ya juu inayomkinga na magonjwa, ukimshika na taulo kavu unaondoka nao. Samaki mkubwa ashikwe kulala, mkono mmoja chini ya tumbo, siyo kuning'inizwa kwa taya au kuingiza vidole kwenye mashavu. Picha moja, ikiwezekana akiwa bado majini pembeni ya boti.

Lakini pia tusiseme kila samaki arudishwe, hapo nitakuwa muongo. Nguru hana hicho kibofu cha hewa, hatovimba hata umtoe wapi, ila anapigana mpaka tone la mwisho na ukishamtoa nje ya maji mara nyingi ndo basi. Huyo kama umemvuta muda mrefu mle, mgawie jirani, peleka Feri, siyo dhambi. Chewa ndo ninayemlilia zaidi kwa sababu wengi wa jamii yake wanaanza maisha wakiwa majike, wakikua ndo wanageuka kuwa madume, kwa hiyo ukiondoa wakubwa wakubwa kwenye mwamba unaondoa madume, na chewa mkubwa hajakua kwa mwaka mmoja wala miwili. Baba anasema miamba ya nje ya Sinda zamani walikuwa wanawajua chewa wake kama mtu anavyojua mbuzi zake.

Na kuhusu baba na wenzake niseme wazi, sitaki mtu asome barua hii akaenda kumsumbua mvuvi wa ngalawa kuhusu ndoana ya duara. Yule anavua ale, hana cha kurudisha. Bahari hii imepigwa baruti miaka na miaka, tulikua tunasikia mlipuko tukiwa darasani, na Serikali ilipoamua kukaza kweli milipuko ikapungua sana, tunashukuru kwa hilo kutoka moyoni. Wavuvi wadogo wameambiwa waache baruti, waache nyavu za macho madogo, wasiguse hifadhi za Bongoyo na Mbudya, na wengi wametii huku wakiumia mfukoni. Sasa mtu huyo akiona chewa wa kilo nane anaelea kwa sababu tajiri amemaliza kupiga picha, Mheshimiwa, utamwambia nini kuhusu uhifadhi akuelewe?

Kwa hiyo nakuomba yafuatayo. Leseni ya uvuvi wa burudani itoke na karatasi moja ya Kiswahili na Kiingereza yenye michoro, jinsi ya kumshika samaki, kumtoa ndoana na kumshusha. Boti yoyote inayobeba watu kwenda kuvua kwenye miamba ya kina iwe na chubwi la kushushia na plaizi, ikaguliwe kama yanavyokaguliwa majaketi ya kuokolea. Wanaotumia chambo halisi na wanataka kurudisha samaki watumie ndoana za duara. Na haya mashindano ya uvuvi yanayopima ushindi kwa kilo, ambayo maana yake samaki lazima afe ndo apande mzani, yapime kwa urefu kwenye ubao uliolowana na picha, nimeshafanya kazi kwenye shindano moja samaki walikaa juani mchana kutwa wanasubiri mzani na jioni hakuna aliyewala, sitaki kulitaja.

Na sisi mabaharia mtufundishe. Sisi ndo tunaoshika samaki, mteja anashika rodi tu. Chuo cha uvuvi cha FETA pale Mbegani, Bagamoyo si mbali, siku moja inatosha, na kama nauli ni tatizo mi nitajilipia na nina wenzangu ambao nao watajilipia. Ukitaka kuona kwa macho boti yetu inatoka saa 11 alfajiri, nitakufungia chubwi umshushe samaki mwenyewe.

Wateja wanaanza kujaa Novemba kaskazi ikiingia. Karatasi ikichapwa kabla ya hapo, mi nitaibandika ndani ya boti yetu siku hiyo hiyo.

Wako mtiifu,
Baharia wa Kigamboni