Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Pikipiki: dumu ni mzigo, tangi ni kosa?

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mguu wa kulia una malengelenge tangu Jumamosi, nami nitaeleza yalikotoka.

Siku hiyo mkaguzi wako alinisimamisha njiani, akaliona tangi la pili nililolifunga kwenye keria, akauliza nani kaniruhusu. Nikamjibu kwamba sijampata wa kuniruhusu wala wa kunikataza, ingawa nimefika ofisini kwako mara 3 kumtafuta. Akachukua koleo, akauchomoa mpira wa mafuta bila kufunga koki, injini ikiwa bado ya moto. Petroli nyingine ikalimwagikia bomba la moshi. Nyingine ikaingia kiatuni mwangu, na soksi iliyolowa petroli huunguza ngozi taratibu bila kiberiti. Koki niliifunga mimi. "Ni kwa usalama wako," akaniambia. Ahsante kwa usalama, Mheshimiwa.

Tukiwa pale pale akapita mwenzangu na dumu la maji la lita 20, limejaa petroli, limefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, mdomo umezibwa kwa nailoni. Kila shimo linanesa. Nikauliza, mbona yule anaachwa? Nikajibiwa: "Ule ni mzigo."

Neno hilo limeninyima usingizi. Mafuta yakikaa kwenye tangi lenye koki na tundu la hewa, ni kosa la kubadili muundo wa chombo. Yakikaa kwenye dumu la maji, ni mzigo kama gunia lolote. Aliyejitahidi anatozwa faini, aliyefunga kamba anapungiwa mkono apite.

Labda wakaguzi hawajaambiwa dumu linafanya nini juani. Petroli hutanuka: lita 20 zikipanda joto kwa nyuzi 20 zinadai nafasi ya takriban mililita 400 zaidi, na dumu lililojazwa hadi shingoni halina nafasi hiyo. Kitakachotoka kitapitia kwenye ile nailoni. Mvuke wake nao ni mzito kuliko hewa, haupai ukapotea. Unashuka, na huko chini ya keria ndiko liliko bomba la moshi.

Tangi langu la kiwandani linaingia lita 11. Napeleka vifurushi masafa yasiyo na kituo cha mafuta, na nimeshasukuma pikipiki usiku kilomita 6, rizavu nayo imekauka, mzigo wa watu mgongoni. Ndipo nikaamua. Sikulikata tangi la asili wala kulitanua kwa nyundo kama wafanyavyo wengine. Nilitengeneza la bati la lita 8, lenye kibati ndani cha kuzuia mafuta yasirukeruke kwenye kona, na mfuniko wenye tundu la kupumulia (likiziba, mafuta hayashuki, injini inazima utadhani tangi ni tupu). Koki yake iko peke yake. Nikifungua ya nyuma nafunga ya mbele, maana tangi la juu likiachiwa pamoja na la chini litalimiminia hadi lifurike. Na petroli ya lita 8 ni kilo 6 hivi. Nina vifurushi vinavyozidi hapo.

Sidai kwamba kila fundi anajua anachofanya. Mwenzetu mmoja alipeleka tangi likachomelewe, akaapa halina hata tone. Kumbe hilo lililokauka ndilo baya: mvuke uliobaki umeshachanganyika na hewa, unangoja cheche. Lilipasuka mshono mzima, na yule fundi sasa anaona kwa jicho moja. Langu ni la bati jipya, lisilowahi kuonja petroli kabla ya moto. Hilo nililijua kwa kisa chake, si kwa tangazo la ofisi yako.

Kwenye mkutano na sisi waendesha pikipiki ulitamka mwenyewe, nami nilikuwa safu ya tatu: mwongozo wa matangi ya ziada utatoka ndani ya miezi 3. Huu ni mwezi wa 25. Mara ya kwanza nilipofuatilia niliambiwa unachapwa. Ya pili, unasubiri saini. Ya tatu, karani akaniuliza mwongozo gani. Wapo wanaosema faini zinawafaa zaidi kuliko mwongozo. Mimi sina ushahidi, kwa hiyo sijasema.

Nilitaka kuomba kituo cha kupimia matangi kama yanavuja. Nilitaka na faini yangu irudi. Basi, yaache hayo. Naomba karatasi moja. Iseme bati liwe la unene gani, tangi likae umbali gani na bomba la moshi, mpira uwe wa aina gani, na nani akague. Kama ni marufuku, iseme marufuku, na dumu liwemo. Karatasi moja tu, Mheshimiwa, yenye saini.

Tangi langu liko nje ya ofisi yako, ukutani upande wa jua, limelazwa ubavu. Nililiona Jumatatu nilipokuja kulipa. Ndani mna lita kama 3 na koki imetazama chini. Wakati karatasi inatafutwa, tafadhali mtume mtu alisogeze kivulini.

Wako,
Mwendesha pikipiki uliyemlinda Jumamosi